Kutoka pesa 64 hadi biti 64: historia ya sehemu ya kumi katika ukanda wa almasi na dhahabu

Oktoba 1947, mgodi wa Mwadui, kaskazini-mashariki mwa mji wa Shinyanga, ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Dkt. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada aliyeuanzisha mgodi huo mwaka 1940, aliitoa iwe zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilipokatwa na kung'arishwa, jiwe lililobaki lilikuwa na karati 23.6.

Ziingize namba hizo mbili kwenye kompyuta, na moja tu ndiyo itakayohifadhiwa kamili. Katika aina ya namba inayotumia biti 32, 54.5 hubaki 54.5. Lakini 23.6 huhifadhiwa kama 23.60000038 na ushei. Mashine haijaharibika, na aliyeandika programu hajakosea hesabu. Tofauti hiyo inatokana na namna mbili za kugawa kitu cha thamani, na zote mbili zimewahi kutawala biashara nchini Tanzania.

Nusu, robo, thumni

Namna ya kwanza ni kugawa kwa mbili, kisha kwa mbili tena. Wafanyabiashara wa almasi wa zamani waliigawa karati hivyo: nusu, robo, thumni, sehemu ya 16, sehemu ya 32, hadi sehemu ya 64. Mizani ya mikono miwili inaendana na mgawanyo huo, kwa kuwa kugawa kitu nusu kwa nusu ni rahisi kuliko kukigawa sehemu kumi zilizo sawa.

Fedha nayo ilifuata njia hiyo. Chini ya utawala wa Wajerumani, rupia moja ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 mgawanyo ukabadilishwa, rupia ikawa na heller 100. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1907, mkutano wa kimataifa wa vipimo uliidhinisha karati mpya ya miligramu 200, yaani gramu 0.2, na sehemu za 64 zikaanza kuondoka mezani kwa wauza almasi. Namna ya pili, hesabu ya kumi-kumi, ilikuwa imeshinda. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipobana mwaka 1916, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 mjini Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Kufikia wakati huo mgawanyo wa pesa 64 ulikuwa umeshaondolewa kisheria. Waingereza nao walileta shilingi ya senti 100, ambayo sarafu zake za mwanzo zina chapa ya mwaka 1921.

Nusu inarudi kupitia Berlin

Mwaka 1938, katika nyumba ya wazazi wake mjini Berlin, mhandisi Konrad Zuse alikamilisha mashine ya kukokotoa aliyoiita Z1. Badala ya kuhesabu kwa kumi, ilihesabu kwa mbili, kwa sababu swichi ina hali mbili tu: imewashwa au imezimwa. Zuse aliipa pia uwezo wa kuisogeza nukta kulingana na ukubwa wa namba, ili namba kubwa sana na ndogo sana zitoshe katika nafasi ileile. Hiyo ndiyo nukta inayoelea. Mashine huhifadhi tarakimu chache muhimu za namba, na pembeni yake huhifadhi mahali nukta inapokaa.

Kwa hiyo kompyuta ilirudisha hesabu ya nusu na robo. Namba 54.5 ina nusu ndani yake, na kompyuta inaifahamu nusu vizuri. Hata pesa moja ya rupia, yaani sehemu ya 64, ingehifadhiwa bila kupungua wala kuzidi. Senti haiwezekani, na sehemu ya kumi haiwezekani. Ili kuiandika gramu 0.1, mashine hujumlisha 1/16 na 1/32, ikapata 0.09375. Huongeza 1/256, kisha 1/512, ikafika 0.099609375. Inaendelea kuikaribia 0.1 bila kuifikia, kama vile sisi tunavyoandika 0.333 kwa theluthi moja bila kufika mwisho. Mahali fulani lazima ikate.

Matokeo yake kila mwanafunzi wa programu huyaona mapema: ukijumlisha 0.1 na 0.2 katika aina ya biti 64, jibu ni 0.30000000000000004. Katika ukanda wetu hizo si namba za kubuni. Gramu 0.1 ni kipande kidogo cha dhahabu ambacho mizani ya soko la madini la Geita inakipima, na gramu 0.2 ndiyo karati moja ya Mwadui.

Kanuni moja kwa wote

Kwa miongo kadhaa kila kiwanda cha kompyuta kilikuwa na namna yake ya kukata tarakimu, na programu moja ikihamishiwa kwenye mashine nyingine ilitoa jibu tofauti. Tanzania iliingia katika zama hizo mwaka 1965, Wizara ya Fedha ilipofunga kompyuta ya kwanza nchini, ya aina ya ICT 1500. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Wakati wataalamu wa dunia wakibishana juu ya nukta inayoelea, ofisi zetu nyingi ziliendelea na daftari na mashine za kujumlishia.

Ubishi huo ulimalizwa mwaka 1985 kwa kanuni iitwayo IEEE 754, iliyoongozwa kwa kiasi kikubwa na William Kahan, mwanahisabati mzaliwa wa Toronto, Kanada. Ndani yake kuna aina mbili zinazotumika zaidi. Ya biti 32, ambayo waandika programu huiita floti, hutunza takriban tarakimu saba. Ya biti 64, iitwayo dabo, hutunza kati ya 15 na 16.

Tarakimu saba katika ardhi ya Geita

Tarakimu saba zinaweza kuonekana nyingi. Tuzipime kwa ramani. Wapima ardhi wa Tanzania hutumia mfumo wa gridi ambao huipa ikweta thamani ya mita 10,000,000, kisha thamani hupungua kadiri unavyokwenda kusini. Geita inaangukia kwenye mita milioni 9.68 hivi, na Shinyanga milioni 9.59. Namba yoyote iliyo kati ya 8,388,608 na 16,777,216, katika aina ya biti 32, huruka mita moja nzima kwa hatua. Nusu mita haipo, na sentimita 30 hazipo. Mshipa wa dhahabu wenye upana wa mkono unaweza kuhama upande mmoja au mwingine kwa sababu tu ya aina ya namba iliyochaguliwa. Ukitumia biti 64, tatizo hilo linakwisha.

Sasa tuzipime kwa fedha. Aina hiyohiyo ya biti 32 inaijua shilingi 16,777,216, lakini haiijui shilingi 16,777,217. Kuanzia hapo, namba nzima zenyewe huanza kurukwa. Katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, mauzo ya kiasi hicho si jambo la ajabu.

Shilingi moja inaweza kuonekana si kitu. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilidhani hivyo. Januari 1982 lilianzisha kipimo cha bei kwa thamani ya 1,000, na kila biashara ilipofanyika kompyuta ilikata tarakimu zilizozidi tatu baada ya nukta. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilisoma 524.811, ilhali thamani sahihi ilikuwa 1,098.892. Zaidi ya nusu ya thamani ilipotea kwa vipunje, kwa sababu kila kukata kulielekea upande mmoja.

Kila kazi na namba yake

Haifai kuilaumu nukta inayoelea. Mjiolojia anayekadiria gramu za dhahabu katika kila tani ya mwamba anaihitaji. Njia anayotumia kufanya makadirio hayo mara nyingi ina jina la Danie Krige, mhandisi wa Afrika Kusini aliyeiweka misingi yake mwaka 1951 kwa kuchunguza sampuli za Witwatersrand. Sampuli zenyewe zina mashaka makubwa kuliko tarakimu ya 15 ya kompyuta, kwa hiyo hasara yake haionekani.

Mezani pa mnunuzi mambo ni tofauti. Hapo uzito umeshasomwa, bei imeshatajwa, na jibu sahihi ni moja. Programu ya mauzo ihifadhi fedha kwa senti au shilingi nzima, na uzito kwa miligramu nzima, kwa kuwa namba nzima hazikatwi ovyo. Vinginevyo itumie aina ya namba za desimali, ambazo kanuni ya IEEE ilizikubali rasmi mwaka 2008. Bei ya dhahabu duniani hutajwa kwa wakia ya gramu 31.1034768, kwa hiyo kugawa hakukwepeki. Kugawa huko kufanyike kwa tarakimu zote, na makadirio yafanyike mara moja tu, mwishoni.

Na kanuni ya makadirio iandikwe kwenye stakabadhi: shilingi imekatwa au imekadiriwa, na kwa faida ya nani. Mchimbaji mdogo aliyeshinda kutwa shimoni hawezi kuikagua programu, lakini anaweza kusoma mstari mmoja wa Kiswahili na kurudia hesabu kwa simu yake. Anayeandika programu ya soko la madini ana wajibu uleule wa mwenye mizani: kipimo chake kiwe sawa kwa anayeuza na anayenunua.