Mto ndio uliojenga Thanjavur

Mgeni anayefika Thanjavur, makao makuu ya wilaya katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, huelekezwa kwanza kwenye hekalu la Brihadisvara, na inastahili. Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa ukoo wa Chola, alilikamilisha mwaka 1010, na mnara wake wa itale unapanda zaidi ya mita 60. Lakini fahari hiyo imewafanya wengi wasimulie historia ya mji huu kana kwamba ni mali ya wafalme. Ukiichunguza, mjenzi wake ni mto Kaveri, pamoja na wakulima walioweza kuugawa.

Kaveri huanzia milima ya Karnataka, ambako masika ya Juni hadi Septemba hunyesha kwa nguvu. Delta ya Thanjavur hungoja mvua zake kubwa hadi Oktoba. Mto basi huiletea maji ya mbali kabla mawingu yake hayajafika, na anayeyadhibiti huweza kuvuna mpunga zaidi ya mara moja kwa mwaka. Hapo ndipo lilipotokea Kallanai, banio la mawe ambalo wenyeji hulinasibisha na Karikala, mfalme wa kale wa Chola. Lilijengwa juu ya mchanga wa mto, likaelekeza maji mashambani na kuyatupa mafuriko kwenye mkono wa kaskazini, Kollidam. Katika miaka ya 1830 mhandisi Mwingereza Arthur Cotton alilichunguza, akajifunza kwalo namna ya kuweka msingi mchangani.

Yapo mapingamizi. Rajaraja aliteka nchi nyingi, hata sehemu ya Sri Lanka, na bila shaka nyara zilisaidia kulipia mawe yale. Hata hivyo, maandishi yaliyochongwa kwenye kuta za hekalu yanaonyesha liliendeshwa kwa nini. Wanawake 400 wa hekaluni walipewa kila mmoja nyumba na fungu la kalam 100 (kipimo cha nafaka) za mpunga kwa mwaka. Malipo ya namna hiyo hayatoki vitani. Yanadai mavuno yasiyokatika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: miji huishi kwa sababu ya ikulu. Rajendra, mwana wa Rajaraja, alihamishia ikulu Gangaikondacholapuram, akajenga hekalu kubwa huko pia. Leo ni kijiji. Haitoshi kusema vita viliuangamiza mji huo, maana katika karne ya 13 jeshi la Pandya liliichoma Thanjavur vilevile. Ila Thanjavur ilirudiwa na watawala wapya: Wanayaka katika karne ya 16, kisha Wamaratha katika karne ya 17. Iko ukingoni mwa delta, karibu na ghala la mpunga, mbali na mafuriko mabaya. Mtawala yeyote aliyetaka kodi ya mavuno alikuwa na sababu ya kukaa pale. Kampuni ya Waingereza ya East India nayo iliijua sababu hiyo. Mwaka 1799 ilichukua utawala wa nchi, ikamwachia mfalme wa Wamaratha, Serfoji wa Pili, ngome yake na maktaba mashuhuri ya Sarasvati Mahal.

Udhaifu wa mji nao unatoka mtoni. Tangu bwawa la Mettur kwenye Kaveri likamilike mwaka 1934, msimu wa delta hutegemea milango yake, inayotazamiwa kufunguliwa tarehe 12 Juni, na maji yanayoachiwa na Karnataka. Mgogoro wa maji kati ya Karnataka na Tamil Nadu, uliokwisha kuzaa mikataba ya 1892 na 1924, ulifikishwa Mahakama ya Juu ya India, ambayo mwaka 2018 ilipunguza mgao wa Tamil Nadu.