Detroit: Jiji lililobana bajeti hadi mabasi yakakwama

BARAZA la jiji linapoishiwa na fedha, aghalabu mambo mawili hutupiwa jicho mapema: vifaa vya kazi na uchukuzi wa umma. Mfanyakazi asiyelipwa mshahara hulalamika mara moja, ilhali basi lisilokarabatiwa huendelea kutembea kwa miezi kadhaa kabla ya kukwama. Yaliyolipata jiji la Detroit, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, yanaonyesha gharama ya uamuzi wa aina hiyo.

Detroit, kitovu cha viwanda vya magari, ilikuwa na wakazi wapatao milioni 1.85 mwaka 1950. Kufikia sensa ya 2010, walikuwa wamesalia 713,777. Viwanda vilifungwa au kuhamishwa, wenye uwezo wakahamia vitongojini na walipa ushuru wakapungua. Hata hivyo, ukubwa wa jiji ulibaki ule ule, nao wastaafu waliendelea kudai pensheni. Mnamo 2005, jiji lilikopa takriban dola bilioni 1.4 ili kujaza hazina za pensheni, na mkopo huo ukageuka mzigo mwingine.

Mnamo 2011, Meya Dave Bing, aliyekuwa nyota wa mpira wa vikapu, aliwasilisha makadirio ya matumizi ambayo madiwani walisema hayakubana vya kutosha. Walikata karibu dola milioni 50 zaidi. Meya alitumia kura ya turufu kuwapinga, nao wakaitangua. Kila upande ulikuwa na hoja. Bw Bing alionya kuwa huduma kwa wananchi zingeathirika. Madiwani nao walihofia jiji kukaukiwa na fedha kabisa.

Athari za uhaba huo zilionekana wazi katika mabasi. Serikali kuu ya Marekani husaidia miji kununua mabasi, na mara nyingi hulipa hadi asilimia 80 ya bei. Lakini mzigo mkubwa wa mishahara ya madereva na mafuta huachiwa miji yenyewe. Ndiposa jiji laweza kumiliki mabasi mengi na bado abiria wakakosa usafiri. Mwishoni mwa 2011, mabasi mengi ya Detroit yalikuwa yamekwama katika gereji, huku abiria wakingoja vituoni kwa muda mrefu. Mnamo Novemba mwaka huo, madereva waligoma kutoka baada ya mwenzao kupigwa. Machi 2012, huduma za usiku wa manane zilisimamishwa.

Takriban familia moja kati ya nne jijini humo haikuwa na gari. Kwa mfanyakazi wa zamu ya usiku, kuondolewa kwa basi kulimaanisha kutembea au kupoteza kazi.

Vifaa vya dharura navyo havikusalimika. Kwa mujibu wa stakabadhi za jiji, katika miezi mitatu ya kwanza ya 2013 ni thuluthi moja tu ya ambulensi zilizokuwa zikifanya kazi, na asilimia 40 ya taa za barabarani hazikuwaka. Polisi walichukua wastani wa dakika 58 kufika walikoitwa. Machi mwaka huo, kampuni za kibinafsi zilichanga dola milioni 8 ili jiji lipate ambulensi 23 na magari 100 ya polisi.

Makato hayo hayakuliokoa jiji. Mnamo Aprili 2012, baraza lilikubali, kwa kura tano dhidi ya nne, fedha zake zisimamiwe kwa ushirikiano na jimbo. Machi 2013, Gavana Rick Snyder alimteua wakili Kevyn Orr kuwa msimamizi wa dharura. Julai 18, 2013, Detroit iliomba mahakama ilinde dhidi ya wadai wake, ikiwa na madeni ya takriban dola bilioni 18.

Ilipotoka chini ya ulinzi huo Desemba 2014, mpango uliokubaliwa ulitenga takriban dola bilioni 1.7 za kufufua huduma katika miaka 10. Mabasi mapya 80 yalitangazwa Januari 2015, na kufikia mwisho wa 2016 taa mpya 65,000 zilikuwa zimewekwa.

Chanzo cha madeni ya Detroit hakikuwa mabasi wala ambulensi, bali mapato yaliyoporomoka, mikopo na ahadi za pensheni. Kisu kilipita mahali palipokuwa rahisi kukata, na gharama iliyokwepwa ikarudi kudaiwa baadaye.