Boi

Boi (wingi: maboi) ni neno la Kiswahili lililotoholewa kutoka Kiingereza, boy, ambalo kwa Waingereza lina maana ya mtoto wa kiume. Katika Kaunti ya Kwale, Kenya, hususan Tiwi, Ukunda, Diani na Msambweni, neno hili humtaja mtumishi wa nyumbani, mtunza bustani, msaidizi wa dereva wa lori, mchuuzi wa ufukweni au rafiki wa karibu. Kiswahili hakikupungukiwa na maneno ya umri: mvulana, kijana na barobaro yalikuwapo. Boi liliingia kama neno la cheo, tena cheo cha chini, na mara nyingi humwangukia mtu mzima mwenye mke na watoto.

Asili na enzi ya ukoloni

Waingereza walifika pwani na neno hili likiwa limekwisha kuzoeleka India na China, ambako kila mtumishi wa kiume aliitwa hivyo. Mwaka 1895 walitangaza himaya yao, huku ukanda wa pwani wa maili 10 ukibaki kwa jina kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1907 utumwa ulikomeshwa kisheria katika ukanda huo. Mtwana akaondoka katika sheria, na katika nyumba za maofisa na walowezi boi akazidi kusikika.

Nyumba ya Mzungu ilikuwa na ngazi zake: mpishi, boi wa nyumba, dobi, shamba boi, yaya, na askari wa usiku. Chini kabisa alikuwapo toto wa jikoni, mtoto hasa, aliyepasua kuni na kuosha vyungu. Mtoto akaitwa toto, na baba wa watu akaitwa mtoto wa kiume. Sheria nayo ilijua umri wake vizuri, kwa kuwa kipande, yaani hati ya utambulisho, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1915, kikatekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kilimhusu kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 ulianzia bandarini na relini, lakini uliwafikia pia watumishi wa nyumbani na wa hoteli.

Udhalilishaji huu wa kumwita mtu mzima mtoto haukuwa wa Kenya peke yake. Wafaransa na Wabelgiji walilichukua neno lilelile la Kiingereza katika makoloni yao. Riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kamerun, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1956, inahusu mtumishi wa namna hiyo, na tafsiri yake ya Kiswahili inaitwa Boi. Huko Marekani, ambako wanaume Weusi wa umri wowote waliitwa boy, wazoa taka wa Memphis waligoma mwaka 1968 wakibeba mabango yaliyotangaza kwamba kila mmoja wao ni mwanamume.

Bichi boi

Hii ndiyo maana iliyolipa neno umaarufu Pwani ya Kusini. Hoteli za Diani ziliongezeka sana kuanzia miaka ya 1970, wageni wengi wakiwa Wajerumani, Waswisi na Waingereza. Mchanga ni wa umma, ua ni wa hoteli, na askari husimama katikati. Bichi boi hufanya kazi upande wa mchanga. Huuza vinyago, shanga na leso, hupandisha watalii ngamia, au huwatafutia wateja wenye mashua za kwenda Wasini na mbuga ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Mwenye mashua yake hupanda cheo na kuitwa kapteni.

Wengine ni Wadigo wa vijiji vya karibu ambao baba zao walivua samaki pwani ileile. Wengine wametoka Ukambani na vinyago, na wengine ni vijana wa Kisamburu wanaocheza ngoma mahotelini. Ni wasemaji hodari wa lugha. Kijerumani na Kiitaliano wengi wao wamejifunzia mchangani, kwa kusikiliza, bila mwalimu wala kitabu. Ujuzi huo ni nadra kusifiwa. Zaidi wanalaumiwa kwa kuwasumbua wageni, kwa bangi, na kwa uhusiano na wanawake wa Ulaya waliowazidi umri. Suala hili la mwisho ndilo lililowavutia wasimulizi wa nje. Kitabu cha Corinne Hofmann wa Uswisi cha 1998, kuhusu ndoa yake na Msamburu, kinaanzia kwenye feri ya Likoni. Na filamu ya Ulrich Seidl wa Austria ya 2012, Paradies: Liebe, inamfuata mwanamke aliyekuja kutafuta penzi kwenye ufukwe wa Kenya. Kazi hizo zimeeneza sura moja tu. Siku nyingi za bichi boi hupita katika kutembea juani na kurudi nyumbani bila kuuza kitu.

Kazi hii haina akiba. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza watalii kote kusini, na mwaka 2020 korona ikafunga viwanja vya ndege. Wafanyakazi wa hoteli walirudishwa makwao, lakini bichi boi hakuwa na mwajiri wa kumpa hata barua.

Zanzibar watu wa kazi hii huitwa papasi, jina la kupe.

Taniboi

Msaidizi wa dereva wa lori, au utingo. Wengi husema jina lilitokana na kuzungusha, kwa Kiingereza turn, mtaimbo wa kuwashia injini za zamani.

Lugha ya vijana

Kwa vijana wa Ukunda, kama wa Mombasa na Nairobi, boi wangu ni rafiki wa kuaminika, na maboi ni kundi la marafiki. Hapa neno halina dharau, kwa kuwa anayeita na anayeitwa wako sawa. Tomboi ni msichana mwenye mwenendo wa kivulana.

Hali ya sasa

Serikali huwaita bichi boi wafanyabiashara wa ufukweni. Wana vikundi vilivyosajiliwa, na wengi huvaa fulana za sare na vitambulisho. Watumishi wa nyumbani na wa hoteli wana chama kimoja, KUDHEIHA, na mkataba wa kimataifa uliopitishwa Geneva mwaka 2011 unawataja wale wa nyumbani kama wafanyakazi wa nyumbani. Hata hivyo, kwenye nyumba za kifahari za Diani mtunza bustani bado ni shamba boi, hata akiwa mzee wa mvi ambaye mtaani kwake hupewa shikamoo. Amri ya serikali ya mishahara ya kima cha chini humworodhesha yeye kwa kazi yake, mtunza bustani, ilhali taniboi bado yumo humo kwa jina lake la Kiingereza, kwenye fungu moja na mpishi na mchonga mawe.