Barza zinazoshuka na kave zinazojaa maji: historia ya nyumba za kando ya ziwa Tanganyika

Familia inayorudi nyumbani baada ya maji ya ziwa kushuka, iwe Uvira au Kalemie, mara nyingi inakuta mambo mawili. Barza ya mbele imezama na kuachana na ukuta. Na kama nyumba ina kave, maji yamesimama ndani yake. Fundi anaitwa, sima inapakwa juu ya ufa, pesa zinaisha. Mvua ikirudi, ufa nao unarudi. Ili kujua sababu, ni lazima kuangalia historia ya udongo ambao nyumba hizo zimejengwa juu yake.

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, nao ni mto Lukuga, pale Kalemie. Sehemu kubwa zaidi ya maji yake haipiti hata huko, inapanda hewani kwa joto la jua. Kwa hiyo miaka ya mvua nyingi ikifuatana, ziwa linapanda. Miaka ya ukame ikifuatana, linashuka.

Mwingereza Cameron alifika Lukuga mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876. Walikuta mlango huo umezibwa na matope na mafunjo, na Stanley alikuta ziwa likiendelea kupanda. Kunako mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi hicho. Mwaka 1879 mmisionari Hore aliona Lukuga ikitiririka kwa nguvu kuelekea mto Kongo. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka karibu metre 10, na maji yakaacha ufuko mpana wa mchanga na matope. Ng'ambo, Ujiji, mji uliokuwa karibu kabisa na maji ulijikuta umeachwa nyuma.

Ni wakati huo wa ziwa kushuka ndipo kapiteni Jacques alianzisha kituo cha Albertville, mwaka 1891. Mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ilifika hapo, na mji ukakua kandokando ya bandari. Uvira nayo ilipanuka kwenye ukanda mwembamba kati ya ziwa na milima ya Mitumba. Watu walijenga mahali walipoona pakavu. Lakini sehemu za chini za miji hiyo ni udongo ulioachwa na ziwa au kuletwa na mito, na udongo wa namna hiyo unalegea ukilowa.

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua kubwa sana zilinyesha Afrika ya mashariki. Ziwa lilipanda hadi mwaka 1964, likaingia tena mahali lilipokuwa limehama. Mwaka huohuo vita ya Simba ilifika: Uvira ilitekwa mwezi wa tano, Albertville mwezi wa sita. Kuna wazee waliohama mwaka mmoja kwa sababu mbili, risasi na maji. Baadaye ziwa lilishuka, Albertville ikapewa jina la Kalemie, na parsele zikagawanywa upya karibu na maji. Watoto waliozaliwa baadaye hawakuona alama ya mwaka 1964. Mwezi wa ine mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mwaka 2024 ziwa lilikaribia tena kimo cha 1964.

Historia hiyo inaeleza kwa nini sima peke yake haitoshi. Ziwa likipanda, maji yaliyo ndani ya udongo yanapanda pamoja nalo, hata kwenye nyumba ambayo wimbi halikuifikia. Maji yenye kimo cha metre moja nje ya ukuta wa kave yanasukuma sehemu yake ya chini kwa uzito wa karibu tani moja kwa kila metre mraba. Plasta iliyopakwa ndani inasukumwa kutoka nyuma, nayo inabanduka.

Barza nayo ina shida yake. Mara nyingi inajengwa mwishoni, juu ya udongo wa kujazia ambao haukushindiliwa, wakati ukuta wa nyumba una msingi wa mawe. Maji ya manjanja yanaanguka pembeni yake kila mvua na kuula udongo huo. Barza inainamia ukuta, na tangu siku hiyo yenyewe inapeleka maji kwenye kave. Kuongeza sima juu yake ni kuongeza uzito, nayo itazama zaidi.

Kazi ya kweli inaanzia juu, halafu inashuka. Kwanza ni gutieri kwenye manjanja na kanivo ya kupeleka maji mbali na nyumba. Pili, barza inavunjwa na udongo laini unatolewa hadi kufika udongo mgumu. Mawe na kokoto vinajazwa kwa tabaka za sentimetre 15 hivi, kila tabaka likishindiliwa. Barza mpya inainamishwa kuelekea nje, sentimetre 2 kwa kila metre, na haifungwi kwenye ukuta, ili ikishuka kidogo isiupasue. Tatu, ukuta wa kave unachimbuliwa kwa nje, kipande kwa kipande, unapakwa plasta na lami, halafu kokoto zinawekwa pembeni ili maji yapate njia ya kwenda.

Jambo moja ni la hatari. Kave iliyojaa isikaushwe kwa siku moja wakati udongo wa nje bado umelowa. Maji ya ndani ndiyo yanayosaidia ukuta kusimama dhidi ya maji ya nje. Yakitolewa haraka, ukuta unaweza kuangukia ndani pamoja na watu wanaochota. Yapunguzwe kidogo kidogo, siku kadhaa, huku ukuta ukiangaliwa.

Na pale ambapo chini ya kave ni chini kuliko kimo cha ziwa, hakuna plasta wala lami itakayolishinda ziwa kwa miaka mingi. Afadhali kave ijazwe mawe na kusahauliwa. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa sima, familia iulize wazee wa kartie maji ya mwaka 1964 yalifika wapi, na ipime alama iliyoachwa ukutani mwaka 2024. Nyumba iliyo juu ya alama hizo inastahili kutengenezwa. Iliyo chini yake, pesa hizo ni bora ziende kwenye parsele ya juu, kwa sababu ziwa limerudi mara ya kwanza na ya pili, na litarudi tena.