Bingwa wa mateke akihamia kwenye ndondi, nani anakula?

Kuna ubishi umetawala bwenini: eti mtu wa ngumi za mateke akiingia kwenye ndondi ni wa kupigwa tu, na mapambano yao yote ni usanii. Mimi nasema hapo tunachanganya mambo mawili. Tupitie historia kidogo.

Tuanze na Thailand, ambako vijana wanakua na ngumi, mateke, magoti na viwiko. Saensak Muangsurin alitoka huko, na mwaka 1975 akachukua mkanda wa dunia wa WBC katika pambano lake la tatu tu la ndondi za kulipwa, akimmaliza Mhispania Perico Fernandez raundi ya 8. Akafuata Khaosai Galaxy: bingwa wa WBA kuanzia 1984, akautetea mkanda mara 19, na alipostaafu 1991 hakuna aliyekuwa amemnyang'anya. Vitali Klitschko wa Ukraine naye alitamba kwenye mateke kabla ya kuingia ndondi za kulipwa 1996. Hata hapa kwetu Bongo, Japhet Kaseba alipata jina kwanza kwenye ngumi za mateke.

Kwa hiyo kuhama kunawezekana, ila kuna shule yake. Mtu wa mateke anasimama wima, maana akiinamisha kichwa ovyo anakutana na goti au teke. Bondia kazi yake ni hiyo hiyo ya kuinama, kuyumba na kuingia ndani. Halafu kuna pumzi: mapambano mengi ya mateke kule Japani ni raundi 3, wakati ubingwa wa ndondi ni raundi 12. Hiyo hujifunzi kwa wiki sita.

Sasa njoo upande wa mkwanja. Mwaka 1976 Muhammad Ali alikwenda Tokyo kupambana na mwanamieleka Antonio Inoki. Raundi 15! Inoki akalala chini muda mwingi akimpiga Ali mateke ya miguu, Ali akarusha ngumi za kuhesabu. Matokeo: sare, na watazamaji wakachukia. Lakini jamani, tiketi zilishauzwa, na kule New York watu walikusanyika uwanja wa Shea kuangalia kwenye skrini. Mapromota wakajifunza kitu: mtu analipia swali la "hivi itakuwaje?", na anakuwa ameshalipa kabla ya kupata jibu.

Swali hilo halihitaji watu wanaolingana, linahitaji majina mawili yenye mashabiki tofauti. Ndiyo maana Agosti 2017 Conor McGregor, ambaye hakuwa na pambano hata moja la ndondi za kulipwa, alipewa Floyd Mayweather aliyekuwa na ushindi 49. Alisimamishwa raundi ya 10, na wote wawili wakaondoka matajiri zaidi.

Mfano unaoniuma ni wa Desemba 31, 2018, pale Saitama. Tenshin Nasukawa, miaka 20, kipenzi cha Wajapani kwenye mateke, akawekwa na Mayweather wa miaka 41. Ngumi tu, hakuna mateke. Mmoja karibu kilo 62, mwenzake karibu kilo 67. Dogo akaangushwa mara tatu ndani ya raundi ya kwanza, kona yake, akiwemo baba yake, ikasimamisha. Akalia mbele ya watu. Lilikuwa pambano la maonyesho, kwa hiyo halikuingia hata kwenye rekodi ya Mayweather. Yaani mmoja hakuwa na cha kupoteza, mwingine akaweka kichwa chake rehani.

Mtasema mbona Francis Ngannou alimwangusha Tyson Fury, Oktoba 2023? Kweli, na alipoteza kwa pointi za majaji waliogawanyika. Ndiyo bahati inayoweka biashara hai. Machi 2024 Anthony Joshua akamzimisha raundi ya 2.

Lakini Tenshin hakuishia pale Saitama. Aprili 2023 alianza ndondi rasmi, uzito wake, wapinzani wa kiwango chake, akipanda ngazi taratibu. Novemba 2025 akagombea mkanda wa WBC wa bantam na Takuma Inoue, akapoteza kwa pointi baada ya raundi 12. Amepigwa mara mbili, lakini huwezi kuviweka vipigo hivyo kapu moja. Cha kwanza aliuzwa, cha pili alikifuata mwenyewe akiwa amejiandaa.

Kwa hiyo siku nyingine likitangazwa pambano la namna hii, kabla hujachangia hela ya kuangalia, uliza uzito wao, raundi ngapi, sheria za nani, na matokeo yanaingia kwenye rekodi au la. Majibu yakikwepwa, ujue kinachouzwa ni mwili wa mtu.

Nawasilisha.