Nanyuki Ni Sentensi

Ukisimama steji Nyeri asubuhi, utasikia makanga wakiita njia nzima kwa pumzi moja: Kiganjo, Naro Moru, Nanyuki. Ukifika Nanyuki na bado una safari, utapanda gari lingine la Naibor na Doldol. Wengi wetu tumeyasikia majina haya tangu utotoni mpaka yakaacha kusema chochote. Nanyuki ni baridi, wanajeshi na lile bango la ikweta ambapo kila mtu lazima apige picha. Basi.

Njia moja ya kuyasikia upya ni kuzunguka kidogo kupitia Japani.

Mtu akianza kujifunza Kijapani, iwe ni kwa sababu ya anime au ya skolashipu, somo la vivumishi humsumbua. Sisi shuleni tulifunzwa kwamba kivumishi hueleza nomino, na katika Kiswahili hufuata nomino na kuvaa kiambishi chake: mti mweusi, kiti cheusi, nyumba nyeusi. Kikiwa peke yake hakisemi kitu. Lazima useme nyumba hii "ni" nyeusi, au "ilikuwa" nyeusi. Wakati unabebwa na neno lingine.

Kijapani hakifanyi hivyo. Kuroi ni "-eusi", lakini kuroi ikisimama peke yake pia ni sentensi kamili: ni nyeusi. Ukitaka kusema ilikuwa nyeusi, unabadilisha neno lenyewe: kurokatta. Si nyeusi: kurokunai. Yaani kivumishi kinabeba wakati na ukanushi kama kitenzi. Si vyote, kwa sababu kuna kundi la pili, la kina kirei, "-zuri" au "safi", ambalo linahitaji neno dogo la kuliunganisha na nomino, na tabia zake ziko karibu zaidi na za nomino. Lakini hilo la kwanza ndilo linalowashangaza wanafunzi. Rangi inawezaje kuwa kitendo?

Kumbe si jambo geni kwetu. Sisi husema nimechoka, chai imepoa, mto umekauka. Mwingereza hapo angetafuta kivumishi. Sisi tunatumia kitenzi. Mjapani aliyechoka naye husema tsukareta, na hicho ni kitenzi vilevile. Tofauti ni kwamba tukifika kwenye rangi, Kiswahili kinarudi kwenye vivumishi, na vya asili ni vitatu tu: -eupe, -eusi, -ekundu. Nyingi za zilizobaki tumezitoa kwenye vitu: kijani kwa majani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa. Kikuyu nacho kina -erũ, -irũ na -tune, na hufuata nomino kama Kiswahili.

Lakini kuna lugha ya papa hapa mlimani ambayo kwa rangi iko upande wa Kijapani. Ni Kimaa.

Katika Kimaa, weusi na weupe husemwa kwa vitenzi. Erok: ni nyeusi. Neno moja, sentensi nzima. Ukitaka kusema "iliyo nyeusi" unaweka kiambishi cha urejeshi mbele, na kiambishi hicho hutegemea jinsia ya nomino, kwa sababu Kimaa hugawa nomino nyingi kuwa za kiume na za kike. Kwa za kike ni na-, kwa za kiume ni o-. Mlima, oldoinyo, ni wa kiume. Ndiyo maana mlima ule wa pale Namanga unaitwa Oldoinyo Orok, mlima ulio mweusi. Kwa nomino ya kike rok inakuwa narok. Hilo ndilo jina la mji wa Narok. Na ibor, kuwa nyeupe, inakuwa naibor. Gari la Doldol linapita hapo.

Hata Mungu, Engai, kisarufi ni wa kike. Wamaasai humtaja Engai Narok, aliye mweusi, na Engai Nanyokie, aliye mwekundu. Mweusi ni wa neema, kama wingu lililobeba mvua. Mwekundu ni wa hasira.

Nanyokie. Hapo ndipo wengi wanalitoa jina la Nanyuki, ingawa wapo wanaosema asili yake ni neno la kufanana. Tukikubali hao wa kwanza, basi Nanyuki si jina tu. Ni nusu ya sentensi: "iliyo nyekundu". Nomino imedondoka njiani, lakini sarufi imetuachia fununu. Na- inatuambia kwamba kitu chenyewe kilikuwa cha kike, kwa hivyo si mlima. Mto, labda, wenyeji wengi huutaja mto, na maji kwa Kimaa ni ya kike. Vyovyote vile, mtu alisimama hapo, akaangalia kitu, akasema kinachoonekana. Naro Moru nayo husimuliwa kuwa ni mawe meusi.

Sasa swali ni hili: mtu huyo alienda wapi?

Mwaka 1904 serikali ya Waingereza ilifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai. Waliondolewa kwenye malisho ya Bonde la Ufa karibu na reli, wakapewa hifadhi mbili, moja kusini na nyingine Laikipia, kwa ahadi kwamba zingekuwa zao maadamu jamii ya Wamaasai ipo. Ahadi hiyo haikumaliza miaka kumi. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, ukitaka Laikipia nayo iachwe kwa walowezi. Legalishu, kiongozi wa Wamaasai wa kaskazini, alikuwa kati ya waliopinga kuhama. Kufikia 1913 watu na mifugo walikuwa wamesukumwa kusini. Mwaka huohuo kesi yao, inayojulikana kwa jina la Ole Njogo, ilitupwa. Mahakama ilisema mikataba hiyo ni kama ya dola na dola, kwa hivyo mahakama ya koloni haina uwezo wa kuisimamia. Angalia hapo vizuri: siku Wamaasai walipodai haki yao ndiyo siku walipohesabiwa kuwa dola ya kigeni.

Walihamishiwa hifadhi ya kusini, iliyopanuliwa ili kuwapokea, na Narok iko ndani yake. Kutoka Nanyuki hadi Narok kiambishi ni kilekile.

Nyuma yao majina yalibaki. Walowezi waliyaandika kwenye ramani kadiri masikio yao yalivyoweza. Baadaye tukaja sisi wengine, tukayakuta kwenye vibao, na tukayatamka kama majina tu. Sentensi isiposikika na anayeielewa huwa hivyo; inakauka. Maneno yapo, ila hakuna anayesikia kwamba kuna mtu anayezungumza. Ndiyo maana ni rahisi mtu kukwambia Laikipia ilikuwa tupu. Unaweza kusimama katikati ya mji ambao jina lake lina kitenzi cha watu wengine na bado ukaamini hakukuwa na mtu.

Lakini si wote walioondoka. Upande wa Mukogodo, kuelekea Doldol, Kimaa bado kinasemwa. Kule mtu akisema Naibor, kitenzi bado kiko hai ndani yake. Mtoto wa huko anaweza kusikia kwamba kitu fulani hapo ni cheupe, na akauliza ni kipi. Ni barabara ileile, na si mwendo mrefu kutoka mjini Nanyuki, ambako swali hilo halimjii mtu.

Na kabla ya kufika kote huko, ukitoka Nyeri, unapita Kiganjo. Hilo ni neno la Kikuyu, na halina kivumishi ndani yake. Kĩganjo ni pale palipokuwa na boma, watu wakahama. Kwa Kiswahili tungesema mahame.