Shosho Aliuliza Kuhusu Vyura

“Siku hizi watu hawana akili.” Hiyo nimeisema mimi mwenyewe, tena kwa video, Aprili 2024, nikicheka wasee wa Nairobi walioamka wakapata maji yamefika kitandani. Nani hujenga kando ya mto? Nilijiona mjanja kweli. Siku chache baadaye Mama akanipigia: maji yameingia kwetu. Na kwetu hakuna mto.

Hebu turudi 1899. Mwezi wa Mei mwaka huo, reli kutoka Mombasa ilifika mahali Wamaasai walikuwa wanaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Jina lenyewe linakuambia kila kitu. Wao walikuwa wanaleta ng’ombe hapo kunywa. Mainjinia wa reli walitaka kitu kingine: mahali tambarare pa kuweka karakana na mabehewa kabla treni ianze kupanda kuelekea Limuru. Kwa treni, hapo palikuwa poa. Kwa binadamu palikuwa kinamasi. 1902 tauni ikaingia kwa bazaar ya Wahindi, na bazaar ikachomwa. Madaktari walilalamika kwamba maji hayana pa kwenda, wengine wakashauri mji uhamishwe. Mji haukuhama, juu pesa ilikuwa imeshamwagwa pale.

Sasa, hao hawakuwa watu wajinga. Walikuwa na ramani. Na ukitaka kujua kama walielewa, angalia mahali walijenga nyumba zao: upande wa magharibi, juu, kwenye udongo mwekundu unaopitisha maji. Mwafrika akapelekwa mashariki, kwa ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unashika kiatu chako na hauachilii. Akili ilikuwepo. Iligawanywa tu, kama ardhi.

Ndio maana nikisikia ati wazee wetu walikuwa na busara na sisi tumeipoteza kwa simu, nakumbuka Shosho. Baba alipoenda kuangalia ploti yetu alimbeba pia. Ilikuwa kiangazi, nyasi zimekauka, broka amevaa viatu vinang’aa. Shosho alizunguka polepole, akainama, akashika udongo, halafu akauliza, “Kijana wangu, mvua ikinyesha vyura hulia upande gani?” Tulicheka sana. Broka akamjibu, “Shosho, hapa lami inakuja!”

Na lami ilikuja, siwezi kudanganya. Ilijengwa juu kuliko mlango wetu, ikaziba njia ambayo maji yalikuwa yanapitia.

Mafuriko ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 Kenya. Serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na huko Mathare nyumba zikabomolewa watu wakiwa bado wanatafuta vitu vyao kwa matope. Mtandaoni tukaendelea kuwaita wajinga.

Mwaka jana nilimuuliza Baba kama siku ile hakuelewa swali la Shosho. Alinyamaza kidogo.

“Nilielewa,” akasema. “Lakini kule juu bei ilikuwa mara tatu, na nyinyi mlikuwa wanne.”

Ile video nimeifuta. Kitanda cha Mama tumekiinua kwa matofali, na mvua ya Machi iko karibu.